Kiti Kilichokatwa Miguu

Zuhura, mke mwenzangu,

Salamu utazipata kesho kwa mdomo, kama utakuwa unanisemesha. Leo nina haraka. Umetoka baada ya adhuhuri ukabamiza mlango, ukasema unakwenda Shangani kuwaaga wenzio. Begi lako liko kitandani limefungwa nusu, na karatasi hii nataka iwe juu ya nguo zako kabla hujarudi. Kila pikipiki ikipita hapa nje nadhani ni wewe. Nimeshainuka kuchungulia hadi Mama Neema ameniambia, "Bibi, kaa basi, nitaandika mgongo wako?"

Ndiyo, anayeandika ni Mama Neema wa nyumba ya pembeni, yule ambaye mumewe yuko bandarini. Mimi kalamu naijua ikiwa mfukoni mwa shati la mtu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Yeye kwao Iringa, anataka maneno yakae kwa mstari kama kanisani. Nikisema neno kali ananiangalia kwanza. Ukiona pahala pana upole sana, ujue hapo si mimi.

Sikuambii habari ya kuchemsha maji wala kufunga mlango wa chumba cha kupanga. Newala, kwenye kituo chako kipya cha kazi ya mazoezi ya watoto, baridi ya usiku utaikuta mwenyewe, na blanketi nimeshaliweka. Naandika kwa ajili ya lile neno la asubuhi.

Nilikuuliza kitu kimoja tu: Mwajuma wa Likombe, mama yake Rehema, umemuaga?

Ukaniambia, "Mwajuma simuagi. Familia ile haina ushirikiano."

Nikasema, "Ushirikiano ndio nini?"

Ukasema, "Bibi, nimekwenda pale nimechoka. Mlango umefungwa. Mtoto ana miaka miwili hajakaa, mama yake yuko kwenye korosho. Kiti nilichomwombea nimewaambia ofisini wampe mwingine anayekitaka."

Nikakwambia nenda taratibu na watoto wa watu. Ndipo ukageuka, macho mekundu, ukasema, "Usinifundishe, Bibi. Nyinyi ndio mliomchelewesha Saidi."

Mama Neema amesimamisha kalamu. Nimemwambia aandike hivyo hivyo, ndilo neno lenyewe.

Sasa nisikilize. Asubuhi nilikugeuzia mgongo. Nilikwenda kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Lakini nimelizungusha neno lako mchana kutwa, na nimeona mambo mawili. Moja, umesema kweli. La pili, kweli yenyewe huijui yote, maana ulikuwa mdogo, ingawa ulikuwemo ndani yake. Tena sana.

Unakumbuka kiti? Si hiki chako cha ofisini, kile cha Saidi. Mama yenu alikuwa Dar anatafuta maisha, wewe na mdogo wako Saidi mko kwangu na babu yenu. Saidi shingo haishiki, mgongo kama kitenge kilicholoa. Hospitali wakatupa jina la ugonjwa, mtindio wa ubongo, na wakatupa Dada Agnesi, msichana wa mazoezi, mgeni kutoka huko bara, viatu vyeupe, sauti ndogo. Akaja na kiti kizuri cha mbao, kirefu, kina mkanda na meza yake mbele. Akasema, "Bibi, mtoto akae humu kila anapokula." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na lile shimo nililoliona uani, tusimkalishe tena mchangani, sawa?" Nikasema ndiyo.

Kwetu ndiyo ni maji ya kunywa, unampa kila mgeni. Huwezi kumkatalia mtu aliyekuja kwako amevaa viatu vyeupe, kapanda boda juani kwa ajili ya mjukuu wako. Unasema ndiyo, anafurahi, anaondoka, nawe unaendelea na maisha yako.

Na maisha yetu unayajua. Tunakula mkekani, sinia moja. Ukimweka Saidi kwenye kile kiti anakuwa juu peke yake kama jaji, sisi wote tuko chini, hafikii tonge wala uso wa mtu. Alilia. Tukamtoa. Kile kiti kikahamia ukumbini, kuku wa babu yako akaona pazuri, akataga.

Shimo nalo sikuliacha. Ningeliachaje? Mimi nimezaliwa kule mto Ruvuma unapoingia baharini, na mama yangu alinichimbia shimo la mchanga kando ya majaruba, akalizungushia kanga, akanikalisha humo huku akipandikiza mpunga. Watoto wote wa kwetu wamejifunza kukaa hivyo. Mchanga unakushika kiuno, unaona watu, unachezea udongo. Halafu aje mtu aniambie mchanga mbaya? Msimu wa korosho ulipofika tukahamia shamba la Naliendele, nikachimba shimo chini ya mkorosho, nikamweka Saidi humo asubuhi, nikaenda kuokota.

Siku ya Dada Agnesi kuja nyumbani tulikuwa tunarudi mjini alfajiri. Na mlinzi alikuwa nani? Wewe! Ulikuwa unakaa pale kona ya duka, miguu michafu, ukiona viatu vyeupe unakimbia, "Bibi! Anakuja, anakuja!" Babu yako anamfukuza kuku, mimi nafuta kiti na upindo wa kanga, tunamfunga Saidi mkanda. Dada Agnesi akiingia anakuta mtoto yuko kwenye kiti cha enzi. Anatabasamu. Anaandika. Siku moja kulikuwa na yai bado, akalikuta chini ya paja la Saidi, na babu yako akasema bila kupepesa, "Tunampa mayai sana, kama ulivyotushauri."

Mama Neema anacheka mpaka kaacha doa la wino. Na mimi nacheka. Lakini utaona mbele.

Tulicheka vile karibu msimu mzima. Tulijiona wajanja. Tunamdanganya nani? Yule msichana alikuwa anaondoka na jioni yake, na sisi tunabaki na mgongo wa mtoto.

Siku aliyotufuma hakuja kutufuma. Aligonga nyumbani, hakuna mtu, akaambiwa na jirani tuko Naliendele. Wangapi wangeandika hawapo wakarudi? Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, viatu vyeupe vimekuwa vyekundu. Nikamwona yuko juu yangu. Saidi yumo shimoni, nikasimama mbele yake, nikatandaza kanga kama naanika.

Akasema, "Shikamoo Bibi. Hilo shimo mmechimba lini?"

"Leo hii," nikasema. "Yaani sasa hivi tu."

Na wewe, mtoto usiye na adabu, ukatoa bibo la mkorosho mdomoni ukasema, "Uongo! Lipo toka tulivyohamia!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule msichana akaja karibu. Alivua viatu, akakaa chini, palepale kwenye majani makavu na mabibo yaliyooza, na sketi yake ya kazini. Akaniambia, "Hebu nionyeshe unavyomweka."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nionyeshe. Waliniambia fanya, usifanye, umeelewa? Nikamtoa Saidi, nikamrudisha. Akaangalia. Akasema, "Mgongo umeushika vizuri kuliko kiti changu." Nikavimba, Zuhura, nikavimba kama maandazi. Halafu akasema, "Lakini miguu yake iangalie huko chini." Akafukua mchanga kwa mikono, na mimi nikaona. Magoti yamekatana kama mkasi. Shimo langu lilikuwa jembamba, kama alilonichimbia mama yangu, zuri kwa mtoto ambaye miguu yake inajua pa kwenda. Ya Saidi haikujua. Kila saa aliyokaa humo miguu ilikuwa inazidi kubanana, na mimi naokota korosho, naimba.

Akaunyoosha mguu wa kushoto taratibu. Ukagoma. Akajaribu tena. Hakusema "mngeniambia mapema." Hata uso hakuubadilisha. Lakini aliushika ule mguu muda mrefu kuliko wa kulia, na mimi niliona.

Basi tukachimba. Yeye na mimi, magotini, tukapanua shimo, tukakunja kanga yangu ngumu tukaiweka katikati ya magoti. Akaniuliza unamwacha humo mpaka lini, nikamwambia kweli: mpaka nichoke. Hakuguna. Akasema, "Na ukiinuka kunywa maji, unaweza kumgeuza?" Hilo naliweza. Kunywa maji nakunywa kila mara. Mazoezi ya asubuhi na jioni aliyoniambia mwanzo nilikuwa nasema ndiyo na sikuwahi kuyafanya, maana asubuhi nina moto wa kuwasha na jioni nina moto wa kuwasha.

Kisha akauliza, "Nani anamlisha?"

Nikasema, "Babu yake."

Akaniangalia. "Mbona sijawahi kuongea na babu?"

Mimi nikainama kumpangusa Saidi mchanga miguuni. Lakini babu yako, ambaye muda wote huo alikuwa amejifanya anapanga magunia, akasema huko huko aliko, "Kwani mimi umenisalimia lini? Unakuja kwangu unazungumza na kanga tu."

Dada Agnesi akainuka, akaenda mpaka kwenye magunia, akasema, "Shikamoo Babu, nimechelewa." Yule mzee akaitika marahaba ndefu, ya kulipa zote alizokosa. Halafu akaonyesha anavyomlisha, mtoto chali mapajani, kichwa nyuma, uji unamiminwa. Kumbe ndiyo maana Saidi alikuwa anapaliwa, na mimi kila usiku namsugua kifua na mafuta ya nazi nikidhani ni baridi.

Mwisho wa kiti unaujua, umelala humo mara nyingi mwenyewe kwa uroho. Babu yako alirudi nyumbani, akachukua msumeno, akakata ile miguu yote minne ya kiti cha hospitali, mali ya serikali, sijui ya wafadhili, mpaka kikakaa sawasawa na mkeka. Nilimpigia kelele, "Mzee utafungwa!" Akasema, "Nifungwe na mjukuu wangu anafikia sinia." Dada Agnesi alipokiona alishika kichwa. Alikizunguka. Akakaa mkekani, akanawa, akala ugali wetu wa muhogo na mbaazi, Saidi pembeni yake anafikia tonge kwa mkono wake wa kulia, mpaka sinia likaisha. Kisha akasema, "Babu, huo msumeno unaazimisha?" Huko ofisini alijieleza vipi, sijui. Hakutuambia na sisi hatukumuuliza.

Sasa rudi kwenye neno lako.

Leo Saidi anafunga magoli na fimbo yake, anagombana na wakubwa, anaswali, anasoma, ananiibia sukari. Na mguu wa kushoto haunyooki. Je, ungenyooka kama nisingeficha shimo ule msimu? Sijui. Nilimuuliza Dada Agnesi mara moja, kabla hajahamishwa, akasema, "Bibi, hata mimi sijui. Na mimi nilikuwa naandika kwamba mtoto anatumia kiti vizuri." Basi tumegawana, yeye nusu na mimi nusu. Nusu yangu inaniamsha. Nalala, naamka, nauona ule mguu ulivyogoma mkononi mwake. Hunifundishi wewe kitu hapo, mke mwenzangu. Nimekutangulia.

Lakini sikiliza hili ulilonifanya nilijue leo mchana, nikipepeta mchele safi. Wewe humkasirikii Mwajuma. Unanikasirikia mimi. Ulimwona Rehema kwenye shimo uani kwa Mwajuma, ukamwona Saidi, ukapandwa na hasira. Mwajuma aliniambia maneno yako: "Mama, mtoto hafukiwi mchangani kama muhogo." Zuhura! Umeyatoa wapi maneno hayo? Dada Agnesi hakuniambia hivyo hata siku aliyonikuta nasema uongo mchana kweupe. Mwajuma akakujibu nini? Ndiyo. Ukamwambia kiti kinakuja, ndiyo. Mazoezi asubuhi na jioni, ndiyo. Akakutengea ugali, ukasema umeshiba, chuoni mmeambiwa msiwaelemee watu. Mimi naelewa. Yeye hakuelewa hivyo. Alikaa na lile sinia mbele yake, akajua unaona kinyaa.

Korosho zikaanza kudondoka, akafunga mlango akaenda shamba, na Rehema mgongoni. Ulitaka amwache wapi? Na wewe ukaja, ukakuta kufuli, ukaja tena, kufuli. Mtoto wa Naliendele wewe! Umekulia kwenye korosho zile zile, meno yako yamepauka kwa mabibo, hukujua mlango wa Likombe mwezi huu unafungwa kwa sababu gani? Au vyeti vilikuja na maji ya kukuosha kumbukumbu?

Mama Neema anasema hapo nimezidi. Ananiuliza nifute. Usifute. Ila ongeza kwamba nampenda.

Ameongeza.

Jua linazama na wewe hujarudi. Nimetoka tena mpaka barabarani. Naogopa utarudi ukiwa umenuna, utalala, utaondoka alfajiri, na mimi nitabaki na karatasi ambayo siwezi hata kuisoma. Naogopa na Newala. Siogopi njia wala watu wa juu kule, ndugu zetu wale. Naogopa milango. Utapiga hodi kwenye milango mingi, na ndani ya kila mlango kuna bibi kama mimi, kaficha kitu nyuma ya kanga, na kitu chenyewe ndicho ambacho ungekitaka kuliko vyote. Ukiingia kama ulivyoingia kwa Mwajuma watakupa ndiyo tele, utajaza gunia, utarudi nalo ofisini, na huko milimani mguu wa mtoto unakaza.

Hilo siwezi kulivumilia. La Saidi nimelibeba. La pili kwa mkono wako sitabeba.

Kwa hiyo nimekuharibia safari kidogo. Basi lako la Newala linapita Naliendele, siyo? Kesho hupandi stendi. Nimemwambia kondakta, yule mrefu anayenunua chapati kwa Mama Neema, atakuchukua pale njia panda na begi lako atakalokuwa nalo tayari. Bodaboda itakuja hapa mara baada ya alfajiri, nimeshazungumza na kijana wake. Itakupeleka shambani kwa Mwajuma, ni mpaka na letu, mikorosho ile iliyoinama. Mwajuma nimempigia simu. Anajua unakuja. Nilimwambia unataka kuona shimo la Rehema. Akasema, "Anakuja kunisema tena, Bibi?" Nikamwambia, "Anakuja kuonyeshwa."

Usiniaibishe.

Usiende kuomba radhi kwa maneno mengi, atakuona unaaga maiti. Vua viatu. Salimia mama mkwe wake kabla yake, maana ndiye anayekaa na Rehema mama akiwa kwenye miti, na najua hukumwamkia, kaniambia mwenyewe kwa uchungu. Kaa majanini. Mwambie hebu nionyeshe. Ukiona kibaya, chimba naye. Mikono unayo, mimi ndiye niliyeilisha. Uji ukiletwa, kunywa. Na kuhusu kiti, kama kimeshakwenda kwa mwingine, hicho kilichokatwa miguu kiko nyuma ya mlango wangu, nimekipangusa, na kijana wa boda atakifunga nyuma yako. Saidi kasema kichukuliwe, yeye siku hizi anakaa kwenye viti vya wanaume.

Na Mwajuma atakuambia ndiyo. Najua, mtoto wa watu ana adabu. Utasema neno la kwanza, ndiyo. La pili, ndiyo. Usiinuke. Hata ukisikia honi ya basi barabarani, acha ipige, kondakta nimempa chapati. Kaa mpaka Mwajuma akwambie, "Hapana, Zuhura, hilo siwezi, asubuhi nina moto wa kuwasha." Hapo ndipo kazi yako inapoanza, na hapo ndipo upande basi uende.

Nasikia pikipiki. Hii ni yako, inakohoa kama ile iliyokupeleka. Mama Neema anakunja karatasi. Nakwenda kujifanya napika, na ukiingia usinisemeshe kwanza, kasome. Kisha uje jikoni.

Bibi yako, mke mwenzako, ambaye leo hujamwamkia hata mara moja.